Deltarune: Sura Nne Mkononi, Tatu Bado Jikoni. Tununue?

Haya jamani, salaam aleikum, karibuni tena. Leo siko peke yangu. Nyuma ya kamera yuko binamu yangu, na hapo kando, hamumuoni, yuko sahibu yetu aliyekataa kuonyeshwa uso kwa sababu asema hajanyoa. Sauti zao mtazisikia tu, maana kunyamaza hawawezi.

Hapa Kibokoni, Mombasa, tuna ugomvi, na kwa mara moja si wa mpira. Ni wa gemu iitwayo Deltarune. Sahibu asema hanunui hadithi ambayo mwandishi wake hajaimaliza. Binamu ashanunua. Mimi niko kati yao, nimecheza sura zote nne zilizopo, na nina maneno.

Kwa asiyeijua: mwenye gemu ni Toby Fox, Mmarekani, yule yule wa gemu ya Undertale ya mwaka 2015. Hadithi kaandika yeye, muziki katunga yeye, na Temmie Chang akamsaidia sana upande wa michoro. Deltarune imepangwa iwe na sura saba. Ya kwanza ilitoka Oktoba 2018, bure. Ya pili Septemba 2021, bure tena, kwa sababu alisema dunia imepitia kipindi kigumu. Halafu watu wakakaa wakingoja hadi Juni 2025, ndipo ya tatu na ya nne zikashuka pamoja, na hapo ndipo bei ilipoingia: dola 24.99. Ya tano imepangiwa 2026. Ukishalipa mara moja, sura zitakazokuja huzilipii tena.

Dola hizo kwetu ni kama shilingi 3,200, kabla ya makato ya kubadilisha pesa. Kwenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, bei yetu huja kwa dola, na wengi tunalipa kwa ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay. Angalieni makato kabla hamjabonyeza, msije mkanilaumu.

Sasa gemu yenyewe. Wewe unamwongoza Kris, mtoto wa shule asiyesema sana, binadamu katika mji wa majini na majitu. Kris na Susie, msichana mkorofi anayeogopwa na darasa zima, wanaingia stoo ya shule na kutumbukia katika Ulimwengu wa Giza. Huko wanakutana na Ralsei, mwana wa mfalme mpole kupita kiasi. Vitani, zamu yako unachagua: upige, utende jambo, utumie uchawi, ujikinge, au umsamehe adui. Zamu ya adui, wewe unakuwa moyo mdogo mwekundu ndani ya kisanduku, unakwepa risasi. Na utamu uko hapa: risasi ikikupita karibu kabisa bila kukugusa, unapata pointi za TP, na hizo ndizo za kufanyia uchawi. Anayekimbilia pembeni muda wote yu salama, lakini hana kitu mfukoni. Anayejitia katikati ya mvua ndiye anayekula. Nimependa sana hilo, kwa sababu katika gemu nyingi za zamu, adui akipiga wewe unakaa tu unatazama.

"Mwambie na Susie hakutii!" Naam, binamu amenikumbusha. Sura ya kwanza, unataka kusamehe maadui wote kwa amani, lakini Susie anapiga anavyotaka yeye. Kitufe chake huna. Ikabidi nianze kuwaonya maadui wenyewe wamkwepe. Mtu wa upande wangu! Polepole akabadilika, na kufikia sura ya pili akaanza kujifunza uchawi wa kuponya, ambao, wallahi, unaponya kiasi cha kumdhihaki mgonjwa. Yeye anajivunia kweli kweli. Huyo ndiye mhusika bora wa gemu hii na sibishani na yeyote.

Tuje kwenye ugomvi wenyewe. Deltarune inaanza kwa kukutaka uumbe mtu: chagua kichwa, chagua mwili, mpe jina. Unachagua kwa makini. Halafu sauti inakuambia katika dunia hii hakuna anayejichagulia awe nani, na yule uliyemuumba anatupwa. Unapewa Kris. Undertale ilisifiwa kwa sababu kila uamuzi wako ulihesabika. Hii imekuja na kukuambia usoni kwamba maamuzi yako si kitu. Sasa je, ni kweli? Hapo ndipo sahibu yetu alipoharibu.

Sura ya pili kuna Noelle, msichana mpole, mwoga, mama yake ndiye meya wa mji na baba yake yuko hospitali. Mnabaki wawili tu, wewe na yeye, na ana uchawi wa barafu. Ukitaka, unaweza kumwamuru agandishe kila adui. Kila mmoja. Anauliza kama ni lazima, unamwamuru tena. Anasema amechoka, unamsukuma tena. Gemu haikuelezi kwamba njia hii ipo, wala hakuna anayekushauri uifuate. Ukiifuata ujue umeitafuta mwenyewe. Na mwisho wake sitausema.

Katika Undertale, ukitaka ubaya uliufanya kwa mkono wako. Hapa unamtumia mtoto mwingine aufanye, tena mtoto anayekuamini, na yeye ndiye anayebaki na mzigo wake. Sahibu akaipita njia hiyo yote akicheka, kisha akatuonyesha. Binamu alimnunia siku nzima. "Ni gemu tu!" Msikilizeni sahibu, mpaka leo anajitetea. Mimi nasema ikiwa mtu mzima ananuniwa kwa jambo alilolifanya kwenye gemu, basi mwandishi amejua kazi yake. Na jawabu la kama maamuzi yana uzito liko hapo: uovu huo sura zinazofuata zinaukumbuka. Ndiyo maana kukatwa kwa hadithi vipande vipande hakunisumbui vile kunavyomsumbua sahibu. Kati ya sura na sura watu wana la kubishania.

Sura ya tatu, haya, hapa nitakuwa mkali kidogo. Mnaingia ndani ya televisheni ya kwao Kris, na mwenyeji wenu ni Tenna, mtangazaji wa shoo, kelele mwanzo mwisho, kumbe anaogopa kutupwa kwa sababu familia haikai tena sebuleni kutazama pamoja. Tenna ni mzuri. Lakini katikati kuna zile sehemu za mchezo wa kizamani, unatembeza kijikaragosi kwenye ubao kutafuta pointi, na zinavutwa mno. Shoo ya kupika na ile ya gitaa zinachekesha, nyingine nilizimaliza kwa sababu tu nilitaka kujua mbele kuna nini. Ikiwa mtaishia njiani popote, itakuwa hapo. Msiishie.

Maana sura ya nne, iliyowekwa kanisani, ndiyo bora kuliko zote. Imetulia, ina giza, inaogopesha inapotaka, na Susie anampata mzee wa kumfundisha na kumkemea kama mjukuu wake. Muziki wake nimeuweka kwenye simu. Basi, naishia hapo, kwa sababu yaliyofichuliwa katika sura hiyo ukiyajua mapema nitakuwa nimekudhulumu.

"Na Dispatch je?" Ahsante, sahibu, nilijua utaileta. Dispatch, gemu ya AdHoc Studio, nayo ilitoka kwa vipindi, Oktoba hadi Novemba 2025, vipindi nane, viwili kila wiki, na ikaisha. Unamcheza shujaa aliyepoteza deraya yake, sasa anakaa mezani na kutuma mashujaa wakorofi kwenye dharura za mji. Hoja ya sahibu ni kwamba vipindi vifanywe hivyo, vyote viwe tayari ndipo uanze kugawa. Ana haki, siwezi kukataa. Ila Dispatch ni studio nzima iliyopanga kama televisheni, na mchezaji ndani yake kazi yake kubwa ni kuchagua maneno na kutuma watu. Nimeifurahia, nimeimaliza, hakuna aliyeninunia.

Gemu ya Silksong tumeigusa pia. Ilitangazwa 2019, ikatoka 4 Septemba 2025 kwa dola 20, na siku ile maduka ya mtandaoni yalizidiwa na watu. Ni nzuri na ni katili. Binamu ameiacha kwa bosi mmoja na hataki tumtajie. Clair Obscur, ile ya Wafaransa wa Montpellier iliyochukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards 2025, nimeichezea kwa rafiki mwenye mashine ya nguvu huko Nyali. Ni vita vya zamu lakini unakwepa na kupangua pigo kwa wakati wake, kwa hiyo anayependa Deltarune ataielewa haraka. Lakini inataka kadi ya michoro ya maana na makumi ya gigabaiti, na kwa bando letu hilo ni jambo la kukaa kikao cha familia.

Deltarune haina mambo hayo. Leptopu yangu ni ya kazi ya ofisi, feni yake inalia hata nikifungua barua pepe, na joto la mwezi wa pili hapa mnalijua, lakini gemu ilikwenda bila kusita. Inachezeka pia kwenye Mac, PlayStation na Switch. Kitu kimoja tu: hakuna sauti za waigizaji, yote ni kusoma, na lugha ni Kiingereza au Kijapani. Mdogo wangu alichoka kusoma akaenda zake kula viazi karai.

Kwa hiyo ununue? Wewe usilipe kwanza. Sura mbili za mwanzo bado ni bure, zipakue, zicheze. Kama ya pili haikukushika, funga, hukupoteza hata shilingi, nenda kwenye Dispatch. Kama imekushika, toa pesa bila kungoja ya saba. Kwenye kompyuta faili lako la sura hizo za bure, lile linaloweka ulipofikia, linasomwa na gemu kamili, kwa hiyo hurudii upya. Sahibu amekubali kuzipakua leo usiku, kwa faili jipya, na binamu amesema atakaa kando yake mpaka wafike kwa Noelle.