Krismasi Ardmore bila gari: uzoefu wangu

Niseme mapema: bila gari, Krismasi katika kijiji cha Ardmore inawezekana, tena inapendeza sana, ila uwe umeshafika na chakula kimeshajaa ndani kabla nchi haijafunga. Na Ireland hufunga kweli. Tarehe 25 Desemba hakuna treni, hakuna basi, uwanja wa ndege wa Dublin haurushi abiria hata mmoja, maduka yamefungwa na baa sheria haiziruhusu kufungua. Ijumaa Kuu nayo baa zilizuiwa hivyo hivyo hadi sheria ilipolegezwa mwaka 2018, Krismasi haikuguswa. Tarehe 26, Siku ya Mtakatifu Stefano, treni za masafa marefu bado zimelala na mabasi mengi ya vijijini pia.

Naandika kwa ajili ya wenzangu tunaofanya kazi huku. Wengi wetu hatuna gari, na si kwa uvivu. Leseni ya Tanzania au Kenya unaitumia mwaka wa kwanza tu ukishahamia, na haibadilishwi kuwa ya Ireland kama ile ya Afrika Kusini au Japani. Unaanza upya: mtihani wa nadharia, masomo ya lazima na mwalimu, halafu foleni ya mtihani wa barabarani. Ukiongeza bima ya dereva mpya, mtu anaona heri apande basi. Matokeo yake sikukuu zinatukuta ndani ya vyumba vyetu mjini, tunaangaliana na simu. Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga, nilikataa akae hivyo.

Ardmore iko pwani ya kusini, kaunti ya Waterford, lakini kwa basi ni rahisi zaidi kuifikia kutoka Cork. Namba 260 la Bus Éireann huondoka kituo cha Parnell Place, linapita Midleton na Youghal, na baadhi ya safari zake zinaendelea hadi Ardmore. Zingatia hilo: baadhi. Mengine yanaishia Youghal, na kutoka hapo kuna kama kilomita 15 za barabara nyembamba isiyo na njia ya waenda kwa miguu. Usithubutu kuitembea, hasa giza likiingia. Sisi tulikwenda tarehe 23, tukashuka Youghal na mabegi, tukanunua vitu vyote kwenye maduka makubwa ya pale, kisha tukapanda lililofuata. Viungo vya pilau nilikuwa nimevinunua Cork: mdalasini, iliki, bizari nzima. Kijijini kuna duka dogo la mahitaji ya kila siku, maziwa na mkate utapata, lakini usilitegemee kwa nyama ya sikukuu.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ndogo, ya mawe, safi, na dirisha la jikoni linatazama ghuba. Kwa Desemba bei ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na inayotozwa Julai. Lalamiko langu ni joto. Mfumo wa kupasha nyumba ulikuwa umetegeshwa uwake asubuhi kidogo na jioni kidogo, na hakuna maelezo yoyote yaliyoachwa. Usiku wa kwanza mama alilala na koti. Maji ya moto nayo yana swichi yake kabatini, yenye alama mbili, moja ya sinki na moja ya bafu. Usipoijua utaoga maji ya barafu. Mwenye nyumba tulipompigia alitueleza kila kitu kwa upole, na kuanzia hapo tulikaa vizuri. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza mambo mawili: joto linawashwaje, na umeme au mafuta yake yamo kwenye bei? Kwa mgeni kutoka pwani yetu hili ni suala la afya.

Lakini kilichonifanya niandike ni miguu. Ukiwa huna gari hukimbilii mahali pengine, na Ardmore kila kitu cha maana kiko kwa mwendo wa mtu mzima anayepumzika njiani. Njia ya juu ya majabali inazunguka kama kilomita 4 na kukurudisha kijijini. Inaanzia karibu na kisima cha Mtakatifu Declan, ambaye kwa masimulizi ya wenyeji alihubiri Injili eneo hili katika karne ya 5, kabla ya Mtakatifu Patrick mwenyewe, mtume wa Ireland, kufika. Mbele kidogo, chini ya jabali, kuna mabaki ya Samson, jahazi la chuma lenye kreni lililokatika kamba wakati likivutwa kwenda Malta, Desemba 1987, dhoruba ikalitupa pale. Kutu imelila, mawimbi yanapiga, na bado limekaa. Mama alisimama pale kwa muda mrefu, akauliza kama waliokuwamo walipona. Walipona, helikopta iliwatoa.

Juu ya kijiji kuna mnara wa mviringo wa karne ya 12, wenye urefu wa karibu mita 30, na kofia yake ya mawe ingali juu. Mlango wake umewekwa juu sana, huwezi kuufikia bila ngazi. Pembeni ni magofu ya kanisa kuu la zamani, na kwenye ukuta wa magharibi, upande wa nje, kuna michoro iliyochongwa: Adamu na Hawa na ule mti, Suleimani akihukumu kesi ya mtoto. Mvua na chumvi vimeifuta sura, ila hadithi bado unaisoma. Hakuna tiketi na hakuna mlinzi. Asubuhi ya tarehe 24 tulikuwa peke yetu pale, na nilifurahi kuliko sehemu yoyote niliyowahi kulipia kiingilio.

Pwani yenyewe ni mchanga mrefu, na maji yakikupwa yanakwenda mbali. Mama aliyaangalia, akasema leo ni bamvua, na jioni alipoona yalivyojaa hadi ukutani akaridhika. Ufukweni kuna jiwe kubwa lililolala juu ya mengine. Wanasema lilielea baharini kumfuata Declan kutoka Wales likiwa limebeba kengele yake, na mwenye maumivu ya mgongo akipita chini yake hupona. Mama ana mgongo. Aligusa jiwe, akasali, akasema kutambaa kwenye tope la baridi atawaachia vijana.

Mkesha, karibu kila nyumba ilikuwa na taa au mshumaa dirishani, desturi ya zamani ya kuwakaribisha Mariamu na Yosefu. Misa tulisali hapo hapo kijijini, na watu walimsalimia mama kana kwamba wanamjua. Asubuhi ya Krismasi wenyeji waliingia baharini, wakubwa kwa watoto, maji yana nyuzi kama 10 tu! Tulisimama ukutani na chai ya tangawizi kwenye chupa, tukawashangilia, na mama mmoja aliyekuwa anatetemeka tukammiminia kikombe. Pilau lilipikwa mchana, na harufu ilitoka hadi barabarani.

Jihadhari na giza. Jua huchomoza baada ya saa 2:30 asubuhi na kutua kabla ya saa 10:30 jioni, kwa hiyo matembezi yapangwe mchana. Tochi na fulana inayong'aa ni lazima, kwani ukitoka tu katikati ya kijiji hakuna taa. Viatu viwe vya kuzuia maji. Njia ya majabali ina tope na upepo wake unasukuma mtu mwepesi, siku ya tahadhari ya hali ya hewa msiende kabisa. Mwenye mgonjwa anayehitaji hospitali mara kwa mara, au mtoto mchanga, simshauri kijiji hiki kwa siku zile bila gari. Dharura unapiga 112 au 999, lakini hospitali iko mbali, na teksi ya tarehe 25 usiitarajie.

Kuondoka tulipanga tarehe 27, na hata hapo ratiba ni ya sikukuu, si ya kawaida. Iangalie wiki ile ile unayosafiri, kwa sababu hubadilishwa kila mwaka, kisha mpigie mwenye nyumba umuulize kama basi la asubuhi linaingia kijijini au inabidi mtafute mtu wa kuwapeleka Youghal. Sisi lilituingilia hadi kijijini. Mwakani nimeshaomba likizo, na safari hii nataka kukaa mpaka tarehe 6 Januari, Krismasi ya akina mama, siku ambayo kwa mila wanawake wa huku huacha kazi za nyumbani kwa wanaume wakatoka pamoja. Mama ameshasema atakuja.