Tathmini ya boksi la Saga of Blue-Eyes White Dragon: joka jeupe na wasaidizi wake

Katika mchezo wa karata wa Yu-Gi-Oh!, joka linaloitwa Blue-Eyes White Dragon lina nguvu 3000 za kushambulia na 2500 za kujilinda, na kwa mchezaji mgeni tarakimu hizo zinatosha kumfanya aamini kwamba akilivuta tu mkononi ameshalamba dume. Ukweli ni kwamba joka hilo ni la daraja la 8, halina uwezo wowote wa ziada, na kuliita uwanjani kwa njia ya kawaida kunadai utoe mhanga viumbe wako wawili. Anayelivuta katika karata tano za mwanzo, bila msaada wa karata nyingine, ameshika garasa lenye sura nzuri. Boksi la Saga of Blue-Eyes White Dragon, lenye karata zilizopangwa tayari kuchezwa na lililotolewa mwaka 2013 na Konami, kampuni inayotengeneza mchezo huu, ninalithamini kwa sababu waliolipanga waliliona tatizo hili waziwazi, wakalijaza karata zinazoligeuza garasa hilo kuwa turufu.

Nimelichezea kwa muda mrefu, kwanza boksi moja jinsi lilivyo, kisha maboksi matatu yaliyounganishwa kuwa fungu moja, yaani rundo la karata ambalo mchezaji huvuta wakati wa mchezo, na mpinzani wangu wa kila wiki amekuwa shemeji yangu, ambaye hucheza fungu la mashujaa na hana huruma hata kidogo na makosa ya mwenzake.

Karata ninayoipenda kuliko zote humu si joka. Ni The White Stone of Legend, kijiwe cha daraja la 1 chenye nguvu 300 tu, ambacho kila kinapopelekwa kaburini, yaani kwenye rundo la karata zilizotumika, kutupwa au kuangamizwa, hukuletea Blue-Eyes moja mkononi kutoka kwenye fungu lako. Ukikitupa kwa karata ya Cards of Consonance, unavuta karata mbili na joka linakuja juu yake. Ukilitupa joka hilo kwa Trade-In, ambayo hudai kiumbe wa daraja la 8, unavuta nyingine mbili. Karata nne mpya zimeingia mkononi, na joka limelala kaburini, mahali ambapo fungu hili linalitaka liwe, kwa sababu Silver's Cry hulifufua joka la kawaida, yaani lisilo na uwezo wa ziada, kutoka kaburini hata katika zamu ya mpinzani. Dragon Shrine inafanya kazi hiyo kwa njia fupi zaidi: inapeleka joka moja kaburini moja kwa moja kutoka kwenye fungu, na likiwa ni joka la kawaida unaruhusiwa kupeleka la pili, ambalo bila shaka litakuwa kijiwe chetu, nacho kitakuletea Blue-Eyes nyingine mkononi. Mara ya kwanza nilipoufuata mlolongo huu hadi mwisho bila kukosea, nilielewa kwa nini wachezaji wa majoka huliona kaburi kama ghala.

Maiden with Eyes of Blue ni karata ya aina nyingine, inayodai subira. Nguvu zake ni sifuri, lakini mpinzani akimshambulia, shambulio hubatilika na joka linaweza kuitwa kutoka mkononi, kwenye fungu au kaburini. Na akilengwa na uwezo wa karata yoyote, joka vilevile laweza kuja. Udhaifu wake ni kwamba mpinzani mwenye akili anamwacha tu. Shemeji alimshambulia mara mbili katika siku yetu ya kwanza, na tangu hapo hajamgusa tena. Dawa imo ndani ya boksi lenyewe, nayo ni mtego wa Kunai with Chain, ambao unaweza kumvisha kiumbe wako mwenyewe: kumvisha ni kumlenga, na ukimlenga Maiden, joka linakuja bila kumsubiri mpinzani akosee. Maelezo ya namna hii hayamo popote kwenye karatasi ya maelekezo, na nadhani hilo ni pungufu, kwa sababu mgeni ataiona Kunai kama mtego wa kawaida na kuitoa kwenye fungu lake siku ya kwanza.

Maiden, daraja la 1, akiungana na Blue-Eyes, daraja la 8, anazaliwa Azure-Eyes Silver Dragon wa daraja la 9, ambaye ndiye aliyekuwa mgeni mkuu wa boksi hili lilipotoka. Anapoitwa, majoka yako yote hayalengwi wala kuangamizwa na uwezo wa karata hadi mwisho wa zamu inayofuata, na kila zamu yako inapoanza anaweza kumfufua kiumbe mmoja wa kawaida kutoka kaburini, kwa hiyo lile joka ulilolitumia kumtengeneza linarudi uwanjani. Ukimtengeneza kwa kutumia kijiwe badala ya Maiden, unapata na Blue-Eyes nyingine mkononi. Ulinzi wake una mwisho, hata hivyo: nguvu zake za kushambulia ni 2500, na kiumbe mwenye nguvu zaidi anamwangusha vitani bila kuhitaji uwezo wowote. Ndiyo maana Honest, inayowapa viumbe wa nuru nguvu katikati ya pambano, isitoke kamwe kwenye fungu hili.

Sasa nije kwenye malalamiko. Karata nyingi za msingi zimo nakala moja moja, wakati sheria inaruhusu hadi nakala tatu za karata ile ile katika fungu la karata 40 hadi 60. Boksi moja, jinsi lilivyo, linakupa mlolongo niliousimulia hapo juu mara moja katika michezo kadhaa, na katika michezo mingine unabaki na majoka makubwa mkononi huku pointi zako 8000 za uhai zikiyeyuka. Ukinunua maboksi matatu, fungu linabadilika kabisa, lakini unabaki na rundo la karata kama Kaiser Sea Horse na Swords of Revealing Light ambazo hutazihitaji. Mimi ninabakiza Alexandrite Dragon, mwenye nguvu 2000 akiwa wa daraja la 4, kwa sababu anaitwa bila mhanga na anakulinda wakati mkono umekwama. Luster Dragon wa 1900 ninamtoa. Rabidragon wa 2950 ninambakiza mmoja tu, kama chakula cha Trade-In.

Anayetaka kuliboresha aanze na Blue-Eyes Alternative White Dragon, iliyotoka mwaka 2016. Hiyo huitwa kutoka mkononi kwa kumwonyesha tu mpinzani kwamba umeshika Blue-Eyes White Dragon, na mara moja kwa zamu inaweza kumwangamiza kiumbe wake mmoja, ingawa zamu hiyo haishambulii. Yaani joka lililokwama mkononi, ambalo katika boksi la 2013 bado ni mzigo usipopata Trade-In, sasa linafungua mlango likiwa palepale mkononi. Mwaka huohuo wa 2016 Shunsuke Hiyama wa Japani alitwaa ubingwa wa dunia kwa fungu la Blue-Eyes, na karata hiyo ilikuwamo.

Konami imetoa boksi jingine la joka hili, Blue-Eyes White Destiny, mwaka 2025, na kwa mtu anayejiandaa kwa mashindano ya leo hilo ndilo la kununua, kwa kuwa boksi la 2013 halina kasi ya kupambana na mafungu ya sasa. Kwa watu wawili wanaocheza mezani nyumbani, wanaotaka kujifunza kwa nini karata dhaifu ya daraja la 1 inaweza kuwa na thamani kuliko joka la nguvu 3000, ningetafuta lile la zamani, na ningetafuta matatu. Kabla ya kulipa, hakikisha muuzaji anakuonyesha Azure-Eyes na Maiden kwa macho yako, kwani maboksi ya umri huu huuzwa yakiwa yameshafunguliwa, na moja kati ya yangu lilinifikia bila Maiden ndani yake.