Laptop ya kazi za kutwa: uzoefu wangu na ThinkPad T480 ya mtumba

Nina steshenari karibu na chuo, Morogoro. Tangu asubuhi mpaka usiku laptop haipumziki: kuchapa ripoti za wanafunzi, kujaza maombi ya mkopo HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), kuombea watu TIN (namba ya mlipakodi), kuskani vyeti, kuprinti, na katikati ya hayo yote anakuja mtu na flashi iliyojaa virusi. Msimu wa mikopo foleni inatoka nje ya mlango. Kwa hiyo nikisema laptop inadumu, sizungumzii kuwaka tu. Nazungumzia kufunguliwa na kufungwa kila mara, vidole kutwa nzima, joto, vumbi la karatasi, na umeme unaoondoka bila hodi.

Ya kwanza kuitumia dukani ilikuwa mpya ya boksi, nyembamba, inang'aa, ya kampuni ambayo sitaitaja. Kasi ilikuwa nzuri tu. Kilichoishinda ni bawaba. Ilianza na mlio mdogo upande wa kushoto ukiinua kioo, kisha kona ya ganda ikawa inafunuka, mwishowe nyaya za ndani zinaonekana. Fundi aliifungua mbele yangu akanionyesha: skrubu za bawaba zinaingia kwenye nati ndogo za shaba, na nati zenyewe zimezamishwa kwenye plastiki tupu. Bawaba ikikaza, nguvu yote ya mkono inaishia kwenye ile plastiki. "Dada, chuma kizima, iliyovunjika ni nyumba yake," akasema. Akapaka gundi ngumu, ikashika kwa muda, ikaachia tena.

Ndipo nikaacha kuuliza "ina kasi gani?" nikaanza kuuliza "ilitengenezwa kwa ajili ya nani?" Laptop za maofisini hutengenezwa kwa mtu atakayeifungua kila siku ya kazi, na kwa mafundi wa kampuni watakaotaka kubadilisha kifaa haraka. Ofisi za nje zikimaliza nazo baada ya miaka michache, zinauzwa kwa jumla, na nyingi zinapitia Dubai hadi Kariakoo. Huko ndiko nilikopata T480 yangu, ThinkPad ya Lenovo, kwa laki sita na ushee. Ni toleo la 2018. Haina urembo wowote. Nyeusi, nene kidogo, na mteja mmoja aliniuliza kama ni ya serikali.

Wauzaji hupenda kukutajia kwamba imepimwa kwa kiwango cha kijeshi, MIL-STD-810. Ni kweli kiwango hicho kipo na mashine hii ilipimwa nacho, lakini isikupumbaze. Mtengenezaji mwenyewe ndiye huchagua vipimo atakavyofanya, na jeshi la Marekani halimpi cheti. Mimi naangalia zaidi kama kibodi inaweza kubadilishwa peke yake bila kununua ganda zima la juu. Kwa T480 inawezekana. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, nayo ina nafasi mbili za kuchomeka. Niliikuta na GB 8, nikaongeza nyingine 8 na mambo yakabadilika kabisa, hasa mtu anapofungua tasnifu ndefu yenye picha huku kivinjari kina kurasa kibao.

Kitu kilichonifanya niipende ni betri. Zipo mbili: moja ndani, nyingine nje chini ya mashine, unaichomoa kwa vibonyezo viwili. Ya ndani inaishikilia mashine wakati unabadilisha ya nje, kwa hiyo huhitaji kuzima. Umeme ukikatika na mwanafunzi yuko nusu ya fomu, naingiza betri ya akiba na tunaendelea. Printa ndiyo inayolala. Betri ya nje huja kwa saizi tofauti, ndogo ya Wh 24 (wati-saa, kipimo cha ujazo wake) na kubwa ya Wh 72, na kubwa inaongeza kitako nyuma.

Lakini betri yoyote ya lithiamu ikikaa kwenye chaja kutwa, imejaa asilimia 100 na mashine ina joto, inazeeka upesi. Ndiyo hali ya dukani hasa. Programu ya Lenovo Vantage ina sehemu ya kuweka kikomo cha kuchaji. Mimi nimekiweka 80. Ukiwa mtu wa kusafiri usifanye hivyo, utalalamika chaji haitoshi.

Joto ndilo linalohitaji nidhamu. Vumbi la karatasi linajikusanya kwenye mapezi ya shaba mbele ya feni kama kitambaa, hewa haitoki, prosesa (ubongo wa mashine) inapunguza mwendo ili isiungue, na wewe unadhani mashine imechoka. Fundi akifungua kifuniko cha chini, akapuliza na kubadilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka, mwendo unarudi. Msiiweke juu ya kitambaa au kitandani, jamani.

Chaja ni ya USB-C, wati 45 au 65. Laptop nyingi za aina hii tundu la chaji limechomelewa kwenye ubao mama, si kipande cha kuchomoa, kwa hiyo waya ukikanyagwa na mteja unaweza kuingia gharama ya maana. Wangu nimeupitisha nyuma ya meza na kuufunga. Umeme wote unapita kwanza kwenye stabilaiza.

Ukienda kununua, kabla ya kutoa hela fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport. Itatoa ripoti yenye ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ujazo wake wa sasa. Kama ilizaliwa na mWh 24,000 (sawa na Wh 24) na leo inajaa 12,000, imebaki nusu, na bei ishuke. Angalia pia kioo kiwe 1920 kwa 1080, kwa sababu T480 zenye kioo cha 1366 kwa 768 zipo nyingi sokoni. Muuzaji akikuambia T470, toleo la kabla yake, ni ileile, kwa umbo karibu ni kweli, ila prosesa za T470 hazimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 ilisitishiwa huduma Oktoba 2025. Za Intel kizazi cha nane, kama za T480 nyingi, zimo.

Kuna watakaosema kwa duka lisilohama bora kompyuta ya mezani na UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika. Kwa bei ya vipuri wako sahihi. Ila mimi kila usiku naondoka na mashine yangu begani, maana kufuli la duka nalijua mwenyewe.

Kwa sasa natafuta betri ya nje ya Wh 72 iliyo nzima. Nikiipata, hizi ndogo zote zinabaki za akiba.