Taa za swichi za gari la zamani: nunua ipi, acha ipi

Gari langu ni Toyota Corolla 110, ile iliyotengenezwa Japani kati ya 1995 na 2000. Injini bado inadai kazi. Ila giza likiingia, dashibodi yake ilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza: kitufe cha hazadi (taa za dharura) giza, kitufe cha AC giza, paneli ya feni inawaka upande mmoja. Nimepapasa hivyo miaka miwili, siku moja nikitafuta AC nikawasha feni ya kioo cha mbele kwa kasi ya mwisho, abiria wangu akapata vumbi la tangu Japani.

Nilipoamua kuzibadilisha nilinunua vitu visivyofaa mara mbili kabla ya kupata vinavyofaa. Ndiyo sababu ya mwongozo huu.

Kwanza hakikisha kilichokufa ni balbu

Kama swichi zote zimezima kwa pamoja, usinunue balbu hata moja. Balbu kumi haziungui siku moja. Angalia fyuzi iliyoandikwa TAIL au PANEL, halafu tafuta kile kigurudumu kidogo cha kupunguza mwanga wa dashibodi. Watoto hukichezea, waosha magari hukisukuma, na mwenye gari anaenda kutozwa hela na fundi.

Kingine: kitufe cha AC huwa na taa mbili. Ya kwanza huonyesha maandishi ukiwasha taa ndogo, ya pili huwaka AC ikiwa kazini. Kwenye Toyota nyingi hiyo ya pili ikianza kupepesa, gari linalalamikia kompresa. Hapo balbu haihusiki.

Kipimo ndicho kinachowaangusha wengi

Kwenye duka la spea, iwe Gerezani karibu na Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road Nairobi, ukisema "nipe taa ya swichi" utapewa T10, kwa kuwa ndiyo inayotoka sana. T10 ni ya taa ndogo za mbele na ya namba ya gari nyuma. Haiwezi kuingia kwenye swichi.

Namba baada ya T ni kipenyo cha gilasi kwa milimita. Kwenye swichi na paneli za feni utakutana na T3, T4.2, T4.7 na T5. Tofauti kati ya T4.2 na T4.7 ni nusu milimita, jicho halioni, lakini soketi inaona. Kwa hiyo chomoa ile iliyoungua uende nayo dukani. Nyingi zimekaa kwenye kitako kidogo cha plastiki unachozungusha robo duara kwa bisibisi bapa, kinatoka chenyewe. Angalia pia rangi ya kitako. Watengenezaji hutumia rangi kutofautisha aina, na kitako cha kijani na cha kahawia vinaweza kufanana umbo huku balbu zake zikiwa na nguvu tofauti.

Nguvu nayo: T5 ya kawaida ni volti 12, wati 1.2, maana yake inakula ampea 0.1 tu. Mimi niliuziwa ya wati 3, muuzaji akanisifia kwamba "inawaka mpaka mchana". Iliwaka kweli. Joto lake lilikuwa mara mbili na nusu ya ile ya awali, na baada ya wiki chache plastiki ya nyuma ya kitufe ilikuwa imejikunja kama karatasi ya pipi.

Nenda dukani na betri ndogo ya mraba ya volti 9. Gusisha balbu hapo hapo kaunta. Itawaka kwa unyonge, lakini ikiwaka ni nzima. Wala usiogope kuishika kwa vidole. Katazo hilo ni la halojeni za taa kubwa.

Nafasi ya kwanza: balbu ya nyuzi, pamoja na kitako chake

Hii ndiyo ninayomshauri kila mtu, na najua haina mvuto. Inaingia bila kulazimishwa, haina chanya wala hasi, inaitikia kigurudumu cha mwanga, na inasambaza mwanga pande zote kama mtengenezaji alivyokusudia. Kama zilizokuwamo zilidumu miaka ishirini na ushee, sioni sababu ya kuzidharau.

Nunua za paneli nzima. Zimezaliwa pamoja, zitakufa kwa kufuatana. Ukibadilisha moja leo, mwezi ujao unafungua tena, na klipu za plastiki kuukuu hazivumilii kufunguliwa kila mwezi. Ghali hapa ni muda wa fundi na klipu zinazovunjika.

Ukitaka zidumu, usiache mwanga wa dashibodi juu kabisa. Balbu ya nyuzi ikipunguziwa volti kwa asilimia 5 hivi, maisha yake hukaribia kuongezeka mara mbili.

Ya pili: gilasi tupu

Kitako cha zamani kikiwa kizima, nunua gilasi peke yake, yaani balbu isiyo na kitako. Nyoosha vile vinyuzi viwili vya chini, chomoa ya zamani, chomeka mpya. Bei ni ndogo zaidi. Shida ni kofia. Taa nyingi za kijani au bluu za miaka ya 1990 zina balbu nyeupe iliyovalishwa kofia ya mpira yenye rangi. Usiitupe na balbu! Ivue taratibu, na kama imekakamaa iloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Bila hiyo kofia kitufe kimoja kitawaka njano katikati ya ndugu zake wa kijani.

Ya tatu: LED za kuchomeka

Najua wengi mngeziweka juu. Hazitoi joto kubwa, zinakula umeme kidogo, na nzuri hudumu sana. Lakini nyingi hutupa mwanga mbele tu, hivyo herufi za katikati zinang'aa na za pembeni zinabaki gizani. Chagua yenye kichwa cha mviringo au yenye vipande pande zote. Pia ina chanya na hasi. Isipowaka, igeuze kabla ya kurudi dukani kugombana. Na ukipunguza mwanga, zingine hazipungui, zinazima ghafla.

Kuhusu rangi, watu hudhani LED nyekundu italeta wekundu. Kama mbele yake kuna kichujio cha kijani, kichujio kitameza wekundu wote na utabaki na giza ulilolilipia. Nunua nyeupe yenye umanjano, iache plastiki ifanye kazi yake. Ile nyeupe kali yenye ubluu inachosha macho kwenye safari ya usiku ya Dodoma.

Onyo moja, japo liko nje ya swichi: usiweke LED kwenye taa ya betri, ile iliyo kati ya mishale ya spidi na mafuta kwenye dashibodi. Kwenye magari mengi ya zamani umeme unaopita kwenye balbu ile ndio unaoiamsha altaneta, mashine inayochaji betri. Ukiweka LED, altaneta inaweza kugoma kuchaji.

Ya nne: swichi nzima ya mtumba

Kuna swichi ambazo balbu yake imelehemiwa ndani, haichomoki. Za vioo vya umeme na za saiti mira ndizo kero kubwa. Hapo utashauriwa kununua swichi iliyotolewa kwenye gari lililokatwa. Nakubali kama swichi yenyewe pia imechoka kubonyezwa. Kama tatizo ni taa tu, kumbuka hiyo ya mtumba ina umri ule ule wa kwako.

Ya tano: fundi redio

Kwa swichi hizo hizo, fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kulehemu LED ndogo pamoja na rizista ya ohm 1,000, robo wati. Gari likichaji linafika volti 14 na kitu, LED inajichukulia kama 3, rizista inabeba zilizobaki. Sharti fundi awe na rizista. Akikuambia haihitajiki, chukua swichi yako uondoke.

Usinunue

Utepe wa LED wa kubandika nyuma ya paneli. Gundi yake haiwezi joto la gari lililoanikwa juani, itadondoka ndani na kusababisha shoti. Sina zaidi.

Siku ya kufungua

Kwenye gari lenye eabegi, chomoa waya hasi wa betri usubiri angalau sekunde 90. Funga bisibisi kwa kitambaa, vuta paneli kwa vidole kila inapowezekana. Ukishachomeka zote, rudisha betri uwashe taa ndogo kabla ya kufunga skrubu hata moja, ukifunika dashibodi kwa shuka kama ni mchana.

Kwangu sasa hazadi, AC na feni zinawaka kijani kimoja. Swichi ya vioo vya umeme sijaigusa. Iko mlangoni, vidole vinaijua.