Matandiko ya simbilisi: lipi ununue kwanza, lipi uliache dukani

Mtu akiamua kufuga simbilisi anahangaika na banda, vibakuli, chupa ya maji, kinyumba cha kujifichia, ila matandiko anabeba pakiti yoyote iliyo karibu na kaunta, na hapo ndo shida inapoanzia. Simbilisi anakojoa jamani, anakojoa mno, halafu mchana na usiku yuko hapo hapo juu yake na nyayo zake hazina manyoya. Mkojo ukikaa unatoa amonia, na mapafu yake ni mepesi kuugua, basi unaanza kusikia chafya na hujui zimetoka wapi. Ndo maana mimi naangalia vitu viwili tu, vumbi na unyevu, hayo mambo ya rangi za kupendeza sihesabu, na matandiko yaliyotiwa manukato usiyaguse kabisa.

Namba moja kwangu ni kitambaa cha flisi, kile cha mablanketi mepesi, na chini yake unaweka kitu cha kunyonya kama pedi au taulo nene. Hakina vumbi, ni laini, na unanunua mara moja halafu unakuwa unafua tu. Sasa wengi wanakikatia tamaa siku ya kwanza manake flisi mpya haipitishi maji, mkojo unabaki juu na mnyama analoa, wanasema kitambaa kibovu. Si kibovu, kinatakiwa kifuliwe kwanza mara kadhaa kwa maji ya moto, na dawa ya kulainisha nguo usitie hata tone kwasababu inaziba upya. Ukitaka kujua kama kiko tayari mwagia kijiko cha maji: yakisimama juu kama shanga, rudisha ukafue tena, yakizama haraka na ukipapasa unakuta juu pakavu, tandika. Ubaya wake ni kazi. Kila siku ufagie mavi (huyu mnyama anakunya hata akiwa katikati ya kula, hana habari) na baada ya siku tatu nne hivi unabadilisha chote, kwa hiyo nunua seti mbili, moja ikiwa kwenye kamba nyingine iko bandani. Na kama kufua kunakuchosha usijidanganye, nenda namba mbili.

Namba mbili ni matandiko ya karatasi, yale yaliyochambuliwa yakawa laini laini. Yananyonya vizuri na simbilisi anapenda kujichimbia humo. Weka kina cha sentimita 5 hivi, toa sehemu zilizolowa kila siku, na mara moja kwa wiki mwaga yote usafishe banda. Hela inatoka kila mara, hilo ulijue, na pakiti zinatofautiana, zingine zina vumbi balaa. Chukua konzi moja, iachie idondoke mbele ya dirisha linaloingiza jua, utaona mwenyewe kinachoelea hewani.

Namba tatu maranda ya mbao, lakini yawe yamekaushwa kwa joto kiwandani na yawe vipande vipana. Msonobari mbichi una mafuta ya harufu kali yanayosumbua njia ya hewa, kukaushwa ndo kunayapunguza, kwa hiyo soma pakiti, na kama haisemi kitu iache. Ukipata ya mti uitwao aspeni ni nzuri zaidi. Mwerezi hapana, hata muuzaji akusifie vipi ile harufu. Na ule unga wa mbao wa kwa fundi, hata upewe bure kataa, ni vumbi tupu.

Vidonge vya mbao vilivyoshindiliwa vinanyonya kweli kweli, tatizo ni vigumu kwa nyayo, mimi naviona vinafaa kwenye kona ya choo au vikae chini halafu juu uweke kitu laini. Gazeti ni la dharura tu, likilowa limelowa.

Mchanga wa paka ule unaoganda ukipata maji usinunue, simbilisi anatafunatafuna kila kitu na ukiganda tumboni ni hatari. Magunzi ya mahindi yaliyosagwa nayo yanaota ukungu upesi. Halafu kuna wanaoondoa matandiko kabisa wakaweka sakafu ya waya eti uchafu udondoke wenyewe, hiyo inaleta vidonda vya nyayo na vikishaingia kupona ni kazi.

Nyasi kavu sijaziweka kwenye orodha kwasababu hizo ni chakula, na ndo sehemu kubwa ya chakula chake, zinasaidia hata kusaga meno ambayo hayaachi kukua. Ukizitandaza banda zima atazikojolea na bado atazila. Ziweke kona moja, na hapo chini ndo utandike vizuri zaidi manake huwa anakula na kujisaidia sehemu ile ile.

Lolote utakalochagua anza na pakiti ndogo, na kila wiki mgeuze umwangalie nyayo. Zikiwa nyekundu au zimevimba, badilisha matandiko siku hiyo hiyo na umpeleke kwa daktari wa mifugo, usisubiri mpaka aanze kuchechemea.