GT06 kwenye Coaster ya Arusha–Moshi: kifaa kizuri, mashaka yapo kwenye ufungaji

Mwenye Coaster au Noah anayetaka kujua gari lake lilipita Maji ya Chai kwa mwendo gani, kifaa cha ufuatiliaji cha jamii ya GT06, chenye GPS na laini ya simu, kinamtosha. Anayekinunua akidhani amepata mlinzi wa usiku atajuta, maana mwizi mzoefu huanza kwa kung'oa nyaya chini ya dashibodi.

Tusichanganye mambo lakini. Hiki si VTS, mfumo wa kufuatilia mabasi wa LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini Tanzania. Mfumo ule wa mabasi hupeleka taarifa kwa mdhibiti, hulia ndani ya gari dereva akizidisha mwendo, na humtambua dereva kwa kitufe chake. GT06 inapeleka taarifa kwako na kwa mwenye seva, yaani kompyuta inayozipokea, basi. Kuifunga hakumwondolei mwenye basi wajibu wa VTS.

Ndani ya boksi kuna kibao chenye ukubwa wa simu ndogo, chenye betri ya akiba ndani yake, kifungu cha nyaya nne na relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Nakala zisizo na jina zimejaa sokoni na nyingi hujibu amri zilezile za SMS. Zinapotofautiana ni pale mtandao unapokatika: kifaa kizuri hutunza taarifa na kuzituma baadaye, kibovu huzitupa. Jaribio lake ni rahisi na lifanyike kabla ya kulipa. Tuma kwa SMS APN ya uongo (APN ni jina la lango la intaneti la mtandao wa simu), zunguka na gari kilomita 2, kisha rudisha APN ya kweli. Mstari kwenye ramani ukijaza njia yote uliyopita, chukua. Ukiruka kutoka mwanzo hadi mwisho kama kamba iliyovutwa, kirudishe.

Ufungaji ndio unaoua vifaa hivi. Waya mwekundu uende kwenye umeme wa kudumu wa betri, ukipitia fyuzi ndogo ya ampia 2 iliyo karibu na betri, si karibu na kifaa. Fyuzi ikiwa mbali, kipande chote cha waya kabla yake hakina ulinzi kikikwaruzwa na bodi. Mweusi ni erthi, na erthi ni chuma kilichokwanguliwa rangi, si skrubu yoyote ya dashibodi. Waya wa chungwa ni wa ACC, unaunganishwa na waya unaopata umeme switchi ikiwashwa. Mafundi wengi huuacha ukining'inia kwa sababu kifaa "kinafanya kazi" bila huo. Kinafanya, lakini hakijui gari limezimwa, na gari lililolala chini ya bati litaonekana likitangatanga mita 30 huku na kule usiku kucha. Mwenye gari anampigia dereva saa nane za usiku kumuuliza anakwenda wapi.

Waya wa njano unakwenda kwenye relei ya kuzima injini. Hapa fundi asiharakishe. Kwa Noah ya petroli, waya wa pampu ya mafuta unakatwa, ncha moja inakwenda pini 30 ya relei na nyingine pini 87a. Pini 86 ipate umeme wa switchi, 85 ipokee waya wa njano. Ukitumia 87a, relei ikifa au waya ukichomoka, gari linaendelea kwenda. Fundi akitumia 87, gari linategemea relei ishike muda wote, na siku itakayoachia, gari litazima katikati ya barabara lori likiwa nyuma. Kwa injini ya dizeli yenye pampu ya kawaida, kinachokatwa ni waya wa solenoidi, vali ya umeme inayofungua mafuta kwenye pampu. Coaster ya volti 24 inataka relei ya volti 24. Ya 12 itaungua. Kifaa chenyewe kisomwe maandishi yake: kile kinachopokea volti 9 hadi 36 kinafaa kote, kile cha 12 pekee kisikaribie Coaster.

Na amri ya kuzima, RELAY,1#, isitumwe gari likiwa kwenye mwendo. Vifaa halisi vya jamii hii husubiri mwendo ushuke chini ya kilomita 20 kwa saa ndipo vikate. Nakala nyingine hazisubiri. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito na breki hupoteza msaada wake. Anayebonyeza yuko sokoni Kilombero, Arusha, abiria wako mteremkoni.

Sasa mwendo wenyewe, ambao ndio thamani ya kifaa hiki. Sheria ya Tanzania inataka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na 80 kwa mabasi na magari yazidiyo tani 3.5 nje ya makazi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo hupanda kwa takriban asilimia 4. Na mtembea kwa miguu anayegongwa na uso wa gari likiwa kilomita 65 kwa saa, hatari yake ya kufa ni mara 4.5 ya ile ya kugongwa kwa 50. Kwa hiyo tahadhari moja ya "amezidi 80" haimsaidii mtu anayevuka barabara Usa River au Bomang'ombe. Chora mipaka ya kila makazi kwenye ramani, kila moja na kikomo chake cha 50. Programu ya seva ya bure kama Traccar inaweza hilo.

Muda wa kutuma nao uangaliwe. Kila sekunde 10 kwa mwendo wa 80, gari limekwenda mita 222 kati ya nukta mbili. Kila sekunde 30 ni mita 667, na dereva mjanja anaweza kupita makazi madogo kwa kasi bila kuonekana. Wauzaji hupenda 30 au 60 ili bando lidumu, wakati sekunde 10 kwa saa 10 za kazi kila siku hazizidi sana megabaiti 20 hadi 30 kwa mwezi. Hiyo si gharama ya kukufanya upoteze ushahidi.

Usimhukumu dereva kwa nukta moja. Mwendo wa 70, 72, 138, 71 ni kosa la setilaiti, mara nyingi pembeni mwa jengo refu au chini ya chuma. Nukta tatu mfululizo juu ya kikomo, hapo kaeni mzungumze. Dereva naye akisema dashibodi ilionyesha 85 na kifaa kinasema 80, wote wako sawa: dashibodi hutengenezwa isisome chini ya mwendo halisi, hivyo huzidisha kidogo.

Kuna mitego miwili ya kwenye skrini. Traccar huanza na mwendo kwa noti za baharini, na noti 43 ni kilomita 80 kwa saa. Badilisha kipimo siku ya kwanza la sivyo utaona madereva wote ni malaika. Pili, baadhi ya vifaa hutoka kiwandani na saa ya China. Safari ya saa nne asubuhi inajitokeza saa kumi na mbili jioni. Tuma GMT,E,0,0# kisha ulinganishe na saa ya mkononi.

Kibao kifungwe upande wa antena ukitazama juu, chini ya plastiki, si nyuma ya chuma wala kugusana na redio. Laini isajiliwe kwa jina la mwenye gari, si la fundi, na neno la siri la kiwandani, mara nyingi 123456, libadilishwe hapohapo gereji. Anayejua namba ya laini na neno hilo anaweza kuzima gari lako. Dereva aambiwe kifaa kipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na kwa vyovyote, dereva anayejua anapimwa hupunguza mwendo mapema kuliko anayeviziwa.

Kwa bodaboda, hapana, au basi kwa masharti. Kifaa kikila miliampia 50 muda wote, kwa siku ni ampia-saa 1.2. Betri ya pikipiki ya ampia-saa 5 inakauka kwa siku nne pikipiki ikiwa imesimama, na kuosha kwa presha kunamaliza kilichobaki. Tafuta kile kilichofungwa kuzuia maji, chenye hali ya kulala.

Kabla ya kuondoka gereji, tuma STATUS# gari likiwa limewashwa, kisha limezimwa. Jibu la ACC lisipobadilika, mwambie fundi afungue tena dashibodi, hata kama ameshaanza kukusanya spana zake.