Kuomba Nafasi katika Warsha ya Filamu za Kidijitali
Niliomba nafasi katika warsha ya wiki mbili ya filamu za kidijitali jijini Kampala, mji ambako Mira Nair, mwongozaji filamu mzaliwa wa India, alianzisha Maisha Film Lab, programu ya kuwafunza watengenezaji filamu chipukizi wa Afrika Mashariki, mwaka 2004, na fomu ya warsha hiyo ilinivutia kwa sababu haikuuliza vyeti wala kamera ninayomiliki, bali ilidai muhtasari wa hadithi usiozidi ukurasa mmoja na filamu ya dakika 3, hata iliyopigwa kwa simu. Kasoro kubwa ni upakiaji: faili la megabaiti 400 lilikatika mara nne, nikalazimika kulipunguza ubora kiasi kwamba picha za usiku, ambazo ndizo zilizobeba hadithi yangu, zilichafuka. Ni vyema waandaaji wakubali kiungo cha video. Malalamiko yangu waliyajibu kesho yake, kwa adabu na kwa kina.